Kandambili mbili, mguu mmoja: kemia ya kichocho kuanzia Butiaba

Siku ya kugawa dawa ya kichocho pale Butiaba, kando ya Ziwa Albert, mhudumu wa afya wa kijiji huja na mti mrefu wenye alama. Mizani hana. Unasimama ubavuni mwa mti. Utosi ukifika alama hii unapewa kidonge kimoja, ukifika ile ya juu yake kimoja na nusu, na warefu kupita wote humeza vitano. Alama ya chini kabisa iko kwenye sentimita 94. Nilimwona mama mmoja amemshika mwanawe makwapani, akijifanya anamnyoosha, kumbe anamwinua. Mhudumu akacheka. "Mama, huyu bado. Mwakani atafika." Mtoto mwenyewe alikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka ziwani dakika hiyo hiyo, na kindoo chake mkononi.

Dawa inayogawiwa ni prazikwanteli. Iligunduliwa Ujerumani miaka ya 1970, na hapa Uganda serikali imekuwa ikiigawa kwa umma tangu 2003. Ni kidonge kikubwa cha miligramu 600, na ni kichungu. Mkubwa anakimeza kwa uji akakunja uso, basi. Mtoto wa miaka mitatu ukimsagia kwenye kijiko atakurudishia chote kifuani.

Uchungu huo una asili yake katika umbo la dawa. Molekuli ya prazikwanteli huja kwa maumbo mawili yanayofanana kama kandambili za pea moja: kila kitu ni sawa, ila moja ya kulia na nyingine ya kushoto. Kiwandani zinatoka nusu kwa nusu. Umbo moja ndilo linaloua minyoo. La pili halifanyi kazi ya maana dhidi yao, na ndilo chungu zaidi. Kwa hiyo kila anayemeza amepewa kandambili mbili, na mguu anao mmoja.

Hapa ndipo wanapoingia wakemia wa usanisi asimetria, yaani ufundi wa kutengeneza umbo moja tu tangu mwanzo. Silaha yao ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Chao kina "mkono" wake, wa kulia au wa kushoto, kinachoisukuma kila molekuli igeukie upande mmoja. William Knowles wa kampuni ya Monsanto alitumia kichocheo cha rodiamu, metali adimu, kutengeneza L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2001 akagawana Tuzo ya Nobeli na Ryoji Noyori na Barry Sharpless. Miaka 20 baadaye, 2021, tuzo ilikwenda kwa Benjamin List na David MacMillan, walioonyesha kwamba hata metali si lazima. List alitumia prolini, asidi ya amino iliyomo katika protini za kila siku, maharage yakiwamo.

Je, kazi hii inamfaa mkemia wa vyuo vikuu vyetu vya Makerere au Mbarara, au ni anasa?

Wanaosema inafaa wana hoja nzito. Kiwanda cha Luzira jijini Kampala kimetengeneza dawa za UKIMWI zenye lamivudini, na lamivudini ni dawa ya mkono mmoja. Lakini malighafi yake hutoka ng'ambo. Sisi tunachanganya, tunagandamiza vidonge, tunafunga. Kazi ngumu, ile yenye faida na elimu, inabaki kwa wengine. Halafu prolini ni bei rahisi. Rodiamu ina bei kuliko dhahabu, na mabaki yake lazima yasafishwe kabla dawa haijafika kinywani. Kwa vichocheo vya aina ya List, maabara isiyo na fedha nyingi inaweza kuingia uwanjani bila kuona haya.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Kichocho kinatoka majini na kwenye vinyesi. Mtoto wa Butiaba ukimtibu leo, kesho amerudi ziwani na ndoo. Mwenye fedha kidogo, wanasema, achimbe vyoo na avute maji ya bomba. Isitoshe, kidonge cha sasa kinatolewa bure kwa watoto wa shule, kwa msaada wa Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani. Kwa nini kutumia gharama kutenganisha kandambili ambazo mwenye mguu hazilipii?

Nilikuwa nikiegemea upande huu wa pili mpaka nikasoma habari za kundi la mkemia Matthew Todd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney. Walitaka kupata umbo moja la prazikwanteli kwa bei nafuu, wakaamua jambo ambalo maabara nyingi haziwezi kulivumilia: daftari zao za kila siku, pamoja na majaribio yaliyoharibika, waliziweka wazi kwa yeyote. Ndoto ilikuwa kichocheo. Wakemia wa viwandani wakawaambia, achaneni nacho kwanza, jaribuni kugandisha fuwele, chembe ngumu kama za chumvi. Mwaka 2011 wakachapisha jibu: asidi iliyotokana na ile ya mashapo ya divai hushikana na mkono mmoja, fuwele zinaganda, unachuja. Ni jamaa wa asidi ambayo Louis Pasteur alizichambua fuwele zake za kushoto na kulia kwa mkono mwaka 1848. Yaani mbinu iliyoshinda ilikuwa mjukuu wa kazi ya karne ya 19, na vyombo vyake ni chupa, chujio na subira.

Kichocheo kinachoshinda Nobeli si lazima kishinde kiwandani. Kuchuja kunakuachia nusu usiyoitaka, kweli, lakini nusu hiyo inaweza kurudishwa ikavurugwa upya ikatenganishwa tena.

Na matunda ya dawa ya mkono mmoja tusiyatie chumvi. Dawa ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, arprazikwanteli, yaani prazikwanteli ya mkono unaofanya kazi tu, iliungwa mkono na Wakala wa Dawa wa Ulaya Desemba 2023. Ni kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka katika maji. Wengi tulidhani ukitoa mkono usiofanya kazi dozi itakatika nusu. Haikukatika: kwa kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimejaa kwetu, majaribio yalitumia miligramu 50 kwa kila kilo ya mtoto, zaidi hata ya zile 40 za dawa ya kawaida. Kilichopatikana ni ladha inayovumilika na kidonge anachoweza kupewa mtoto aliye chini ya alama ya 94. Mama yule wa Butiaba angekiona ni kingi.

(Wapo pia wanaotaja thalidomaidi, dawa iliyofanya watoto wazaliwe na ulemavu, kila mara kama ushahidi kwamba mkono mmoja ungeokoa watoto. Si kweli. Ndani ya mwili mikono yake hugeukiana.)

Kwa hiyo mimi nasema wakemia wetu waingie, ila waanzie kwenye fuwele na prolini, waache rodiamu. Na kabla ya yote wajue kupima. Mizani haitofautishi kulia na kushoto, wala vipimo vingi vya kawaida vya maabara. Panahitajika polarimita, kifaa kinachoona dawa inazungusha mwanga upande gani, au safu maalumu ya kromatografia, bomba linalotenganisha mikono miwili. Dawa ya mkono mmoja ikishakuwa na bei, yupo atakayejaza paketi zake mchanganyiko wa zamani akaziuza sokoni Hoima. Atakayemgundua kwanza, tukiwa hatujajipanga, ni mtoto atakayetema.