Mwenzangu wa siti, hili ndilo jibu lako

Juzi kwenye daladala jamaa mmoja, msomi wa haja, alichungulia kitabu mkononi mwangu akacheka. "Bado unasoma hadithi za mapolisi, kaka? Ukitaka kujua Hitler aliingiaje madarakani, soma historia." Sikumjibu, konda alikuwa anadai nauli. Namjibu leo.

Kitabu chenyewe ni March Violets cha Philip Kerr, cha 1989. Bernie Gunther, polisi wa zamani, anaendesha maisha kwa kutafuta watu waliopotea. Ni Berlin ya 1936, Olimpiki imekaribia. Mwanzoni tu unawakuta vijana wa SA, wanamgambo wa chama cha Nazi, wakibandua ukutani kisanduku cha Der Stürmer, lile gazeti la kuwatukana Wayahudi, wageni wasije wakakiona. Mji umefagiliwa, karibuni!

Jina la kitabu, kama kusema maua ya Machi, ni kejeli waliyopewa waliokimbilia chama cha Nazi baada ya uchaguzi wa Machi 1933. Walimiminika hadi chama kikafunga mlango tarehe 1 Mei. Bendera fuata upepo hawana kabila, jamani.

Sawa, historia inakupa moto wa Reichstag, bunge la Ujerumani, na sheria zilizofuata, na lazima uzijue. Ila mpelelezi anagonga milango. Anaongea na karani, na mlinzi wa hoteli, na askari aliyekuwa mwenzake jana na leo ana beji kwenye kola. Bwana Msa wetu, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, akishafumbua fumbo, roho yako inatulia. Gunther akimjua muuaji, ampeleke wapi? Kituoni? Kituo ndicho kinachoua! Hapo hadithi nzima ya upelelezi inavunjika mikononi mwako, na ndivyo nchi ilivyovunjika.

Unadhani ni chumvi ya mtunzi? Muulize Bernhard Weiss, mtu wa kweli, naibu mkuu wa polisi wa Berlin. Goebbels, kiongozi wa Nazi hapo Berlin, alimbandika jina la "Isidor" kumkebehi kwa Uyahudi wake. Weiss akamshitaki, tena na tena, na mahakama zikampa haki. Tarehe 20 Julai 1932 von Papen, kansela wa Ujerumani, akaipokonya Prussia, jimbo lenye Berlin, serikali yake, Weiss akatiwa mbaroni, na polisi aliowaongoza hawakuinua hata rungu. Mwaka uliofuata alikuwa mkimbizi.

Haya, nakiri: Kerr anachosha kwa tamathali, kila mtu lazima afananishwe na kitu. Na wanawake wake wanaelezwa miguu kwanza. Tuyaache.

Kilichoninyima usingizi ni kitabu cha pili. Ni 1938. Gunther, bingwa wa kuwadhihaki Wanazi, anaitwa na Heydrich, mkuu wa polisi wa usalama wa Nazi, arudi polisi. Anarudi. Anapewa na cheo. Mimi niliyekuwa nikicheka naye kurasa zote zile nikakuta bado nampenda, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilipofika hapo nilitamani yule jamaa awe pembeni yangu tena nimsomee ukurasa huo, konda adai anavyodai.