Mwanafunzi wa mambo mengi na hesabu ya saa 10,000

Siku moja mwanafunzi wa Cambridge alibandua gome kuukuu la mti akakuta mbawakawa wawili wa aina adimu. Akamkamata mmoja kwa mkono huu, wa pili kwa mkono ule. Papo hapo akamwona wa tatu, wa aina mpya kwake, na hakuwa tayari kumkosa. Basi akamtia kinywani yule wa mkono wa kulia ili mkono upate nafasi. Mdudu akamwaga majimaji makali yaliyomuunguza ulimi, akatemwa, akapotea, na yule wa tatu naye akaenda zake. Mwanafunzi huyo alikuwa Charles Darwin, aliyekuja kuwa mwanasayansi maarufu wa mageuzi ya viumbe, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe uzeeni.

Mshika mbili moja humponyoka. Siku ile methali ilishinda mchana kweupe, tena mbili zilimponyoka.

Lakini methali hiyo haiishii kwa wadudu. Pamoja na ile ya fisi aliyeshindwa na njia mbili, na ile ya mtaka yote anayekosa yote, inamwandama kila mwanafunzi ambaye wiki hii anazungumzia nyota, wiki ijayo ushairi, na ile ya tatu unamkuta amefungua redio vipandevipande mezani. Watu wazima humtazama kwa huruma iliyochanganyika na hofu: huyu atakuwa nani hasa? Baba yake Darwin naye aliuliza hivyo. Kijana alikuwa ameuacha udaktari Edinburgh baada ya miaka miwili, sasa anasomea uchungaji huku akiwinda na kukusanya wadudu. Hata kabla ya Edinburgh mzee alikuwa ameshamwonya kwamba ataishia kuwa aibu kwake mwenyewe na kwa ukoo mzima.

Wanaotaka mwanafunzi ashike jambo moja wana hoja nzito, na wanaowacheka hawajawasikiliza. Mtihani hauulizi unapenda mambo mangapi. Ada mara nyingi inalipwa na mtu mwingine, aliyejinyima. Zaidi ya hayo, mwanzo wa kila jambo ni mtamu. Wiki ya kwanza ya lugha mpya unajua kusalimia, ya pili unajua kuhesabu, na kila siku unajiona unapaa. Halafu linakuja lile tambarare refu ambako miezi inapita bila dalili ya kusogea. Anayehama kila anapofika hapo atakuwa na mianzo kumi mikononi bila katikati hata moja, na atajidanganya kwamba anajua mambo kumi.

Mfano wao bora zaidi ni wa Jiwe la Rosetta, lenye tangazo moja kwa maandishi ya aina tatu, lililopatikana Misri mwaka 1799. Mwingereza Thomas Young alikuwa daktari, mwanafizikia, mjuzi wa lugha, mtu wa kila jambo. Alipoyageukia maandishi ya picha ya Misri ya kale alisonga mbele kwa kasi ya ajabu, na kufikia 1819 alikuwa amechapisha usomaji sahihi wa baadhi ya alama. Huko Ufaransa, Jean-François Champollion hakuwa na fizikia wala udaktari. Alikuwa na Misri tu. Tangu ujana wake alizama katika Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale, na mwaka 1822 akatangaza ufumbuzi. Young alikuwa ameamini kwamba alama za sauti zilitumika hasa kuandikia majina ya kigeni. Champollion akaona kwamba zilipenya mfumo mzima. Aliyezama alimpita aliyeelea, na sioni njia ya kuikwepa hukumu hiyo.

Hata hivyo mtu huyohuyo anayeitwa mwelea juu alitazama kasoro ya jicho lake mwenyewe, ile inayofanya mistari ya upande mmoja ionekane wazi na ya upande mwingine ififie, akaieleza mwaka 1801. Mwaka uliofuata akapendekeza kwamba jicho linahitaji vipokezi vya aina tatu tu ili lione rangi zote. Katika miaka hiyohiyo alitoa ushahidi kwamba mwanga husafiri kama mawimbi. Daktari aliyechunguza jicho na mwanafizikia aliyechunguza kinachoingia ndani ya jicho walikuwa wakikopeshana. Tukimnyang'anya Young moja ya fani hizo ili atulie, hatujui ni ipi kati ya kazi hizi ingebaki.

Tuje sasa kwenye ile namba ambayo kila mwanafunzi amewahi kutupiwa: saa 10,000. Eti ukitaka kuwa bingwa wa jambo lolote, fanya mazoezi saa 10,000, na kila saa unayoipeleka kwingine umejiibia mwenyewe. Hesabu yake inatisha: saa 20 kila wiki, wiki 50 kwa mwaka, miaka kumi. Nani basi ana saa ya kuchezea nyota?

Namba hiyo ina kwao. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofanyika Berlin kwa wanafunzi wa fidla, makundi matatu ya watu kumi kumi. Waliwaomba wakadirie, kwa kukumbuka, saa walizokuwa wamefanya mazoezi peke yao tangu utotoni. Kundi la waliokuwa bora zaidi lilifikia wastani wa takriban saa 10,000 wapigaji walipotimiza miaka 20. Mwaka 2008 mwandishi Malcolm Gladwell aliigeuza hesabu hiyo kuwa kanuni, na kanuni ikazunguka dunia.

Ericsson mwenyewe hakuifurahia. Alieleza kwamba ile ilikuwa wastani, kwamba karibu nusu ya wale bora walikuwa hawajafikia saa hizo, na kwamba katika umri ule walikuwa vijana wenye vipaji wanaoendelea kujifunza, bado hawajawa mabingwa. Mimi ningeongeza jambo ambalo linaniudhi kila ninapoisikia namba hii ikitumiwa dhidi ya mwanafunzi. Wale wapigaji walikuwa wameshika fidla tangu wakiwa wadogo. Chombo kilishachaguliwa, njia imeshasafishwa na vizazi vya walimu, na kila kosa lina jina lake. Utafiti ulipima umbali waliotembea baada ya kujua waendako. Haukumpima kijana aliyesimama njia panda, na hakuna mahali uliposema achague vipi. Kumtwanga namba hiyo mtu ambaye bado anatafuta ni kumhesabia hatua za safari ambayo hajajua inaelekea wapi.

Na kuna kipande cha utafiti uleule ambacho hakikupata umaarufu: hata walio bora hawakuweza kudumisha mazoezi makali kupita takriban saa nne kwa siku. Baada ya hapo walipumzika, na wengi walilala mchana. Saa zinazobaki baada ya nne hizo hazijaibwa na mtu.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake walizikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzijumlisha. Walitaka kujua mazoezi yanaeleza kiasi gani cha tofauti kati ya wanaofanya vizuri na wanaofanya vibaya. Katika michezo ya mezani kama sataranji yalieleza asilimia 26, katika muziki 21, katika michezo ya viungo 18. Katika elimu? Asilimia 4. Katika kazi za kitaaluma haikufika hata asilimia moja. Ericsson alibishia namna walivyofafanua mazoezi, na ubishi wake si wa kupuuza, kwa sababu kukaa na kitabu tu si sawa na kujifunza chini ya mwalimu anayekusahihisha. Lakini hata ukimpa haki yake, mteremko wa namba hizo una maana. Pale ambapo kanuni za mchezo hazibadiliki, kurudiarudia kunalipa. Pale ambapo kesho haifanani na jana, kunalipa kidogo.

Kuhusu kuchagua mapema, mchumi Ofer Malamud aliona fursa nzuri ya kulinganisha. England mwanafunzi huchagua somo kabla hajaingia chuo, wakati Uskoti alizoea kupitia masomo kadhaa katika miaka miwili ya kwanza. Ungetarajia waliochagua mapema wadumu zaidi katika fani zao. Ikawa kinyume: wahitimu wa England ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia kwenye kazi isiyohusiana na walichosomea. Waliosukumwa kutulia mapema ndio waliohama baadaye, na kuhama ukiwa na shahada mkononi ni ghali kuliko kuhama ukiwa mwaka wa kwanza.

Najua hatari ya kutoa mifano ya watu wakubwa. Kwa kila Darwin mmoja wako wasiohesabika waliokusanya wadudu wakaishia kuwa na wadudu tu. Kwa hiyo sisemi kupenda mengi kunazaa ukuu. Ninachotaka ni tuangalie namna vitu hivyo vilivyofanya kazi. Huko Edinburgh, wakati udaktari ukimchosha, Darwin alimlipa John Edmonstone, Mwafrika aliyekuwa mtumwa Guyana kisha akaachiwa huru, amfundishe kukausha ngozi za ndege na kuzijaza. Hayakuwa masomo yake. Miaka michache baadaye, katika safari ya meli ya Beagle iliyoanza 1831, ujuzi huo ndio uliomwezesha kuhifadhi ndege wa visiwa vya Galápagos.

Na huyohuyo anayetumiwa kama nembo ya kutangatanga alikaa miaka minane, 1846 hadi 1854, akichunguza viumbe wadogo wa baharini wenye gamba, wale wanaojibandika kwenye miamba na kwenye matumbo ya meli. Miaka minane! Alichoka nao hadi akawachukia, lakini alimaliza. Hapo ndipo naona pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kisicho chenyewe. Wanahesabu idadi ya mambo, ilhali idadi haikuambii lolote. Ningependa kujua kama katika kapu lake mwanafunzi ana jambo moja lililomshinda, akaliweka chini, kisha akalirudia bila kulazimishwa. Akiwa nalo, aachwe na nyota zake na redio yake. Asipokuwa nalo, basi wale wa methali wana haki ya kumkalisha kitako, maana anakusanya utamu wa mianzo tu.

Kwa kipimo hicho hata kesi ya Young inasomeka upya. Alishindwa mbele ya dunia mwaka 1822, na mtu wa kurukaruka kama kipepeo angehamia kwenye ua jingine. Yeye alibaki na Misri, upande wa maandishi ya mwandiko wa haraka yaitwayo demotiki, ambako hata Champollion alimsaidia kupata nyaraka. Alipofariki Mei 1829, akiwa na miaka 55, alikuwa bado anaandaa kamusi yake. Ilichapishwa 1831.