Diski haijui ulichofuta

Mtu akilalamika kwamba mashine yake ya Linux imekuwa nzito na SSD, yaani diski ya chipu, imechoka, jibu la kwanza huwa "nunua nyingine". Ushauri huo umenichosha. Katika mashine nilizofungua mimi, diski yenyewe imekuwa nzima mara nyingi kuliko ilivyokuwa mbovu. Tatizo huwa katikati, baina ya mfumo endeshi na diski, ambapo taarifa moja ndogo haifiki inakotakiwa kufika.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu, aliniletea kompyuta yake mpakato. Kazi ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) iliyokuwa ikichukua dakika nne sasa ilichukua kumi na moja, na wakati mwingine skrini nzima iliganda kwa sekunde kadhaa. Hiyo ilikuwa SSD yake ya pili. Ya kwanza aliing'oa kwa sababu hiyohiyo, akaweka mpya, akafurahi miezi michache, kisha uzito ukarudi. Aliruka majivu akakanyaga moto.

Nilianza na `smartctl -a`, amri inayosoma afya ya diski: hakuna sekta mbovu, uchakavu mdogo, joto la kawaida. `iostat -x 1`, inayopima diski kila sekunde, ilionyesha kitu kingine. Safu ya w_await, yaani muda ambao ombi la kuandika linasubiri mpaka likamilike, ilikuwa ikiruka hadi mamia ya milisekunde, wakati SSD nzima hukaa chini ya milisekunde chache. (Safu ya %util msiitazame sana. SSD hushughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja, hivyo asilimia 100 pale haimaanishi kwamba imefika mwisho wa nguvu zake.) Kisha nikaandika `lsblk --discard`. Mstari wa sda, yaani diski yenyewe, ulikuwa na namba kwenye DISC-GRAN na DISC-MAX, safu zinazoonyesha kama kifaa kinapokea taarifa za nafasi iliyofutwa. Mstari wa patisheni iliyosimbwa kwa fiche, chini yake, ulikuwa na sifuri mbili.

Sifuri hizo mbili ndizo zilizokuwa ugonjwa wote.

Seli za NAND, zinazohifadhi data ndani ya SSD, haziandikwi juu ya maandishi ya zamani kama diski za sumaku. Kontrola, chipu inayoiendesha diski, huandika kwa kurasa za kilobaiti chache, lakini hufuta kwa bloku nzima, na bloku moja hubeba kurasa mamia au maelfu. Ukibadilisha faili, data mpya huandikwa mahali pengine na ukurasa wa zamani huwekewa alama kwamba ni taka. Baadaye kontrola hukusanya kurasa zilizo hai, huzihamishia kwenye bloku nyingine, kisha hufuta ile ya zamani. Kazi hiyo huenda vizuri pakiwa na nafasi tupu ya kutosha. Sasa, ukifuta faili, mfumo wa faili hubadilisha kumbukumbu zake wenyewe tu. Diski haielezwi chochote. Kwake yeye kontrola, zile gigabaiti ulizofuta bado ni data yako ya thamani, na atazibeba kutoka bloku hadi bloku kwa uaminifu mkubwa. Baada ya miezi, diski ambayo `df` inasema iko nusu tupu, kwa upande wa kontrola imejaa pomoni. Kila uandishi mdogo unageuka kuwa uhamisho mkubwa.

Amri ya TRIM ndiyo iliyotungwa ili kuipa diski habari hiyo. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaijua kwa diski za ATA tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010, na mifumo mingi ya leo huendesha `fstrim`, amri inayotuma TRIM, mara moja kwa wiki kupitia fstrim.timer. Lakini habari hiyo hupita tabaka kwa tabaka: mfumo wa faili, LVM (kigawanya nafasi ya diski) kama ipo, usimbaji fiche, ndipo diski. Tabaka moja likikataa, habari inaishia hapo. Na dm-crypt, sehemu ya kerneli inayosimba diski, hukataa kwa chaguo-msingi. Uwezo wa kupitisha TRIM uliingia kwenye kerneli 3.1 mwaka 2011, ukiwa umezimwa, kwa sababu mtu akiichukua diski yako anaweza kuona ni sehemu zipi hazina data, na pengine kubashiri aina ya mfumo wa faili.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na najua baadhi ya wasomaji hawataupenda. Hofu hiyo ni ya kweli kwa watu wachache sana, wale ambao hata ukubwa wa siri yao ni siri. Wengine wetu tunasimba diski ili mwizi wa kompyuta asisome barua zetu, na mwizi huyo hapati chochote kwa kujua kwamba sehemu fulani ni tupu. Fedora waliliona hili wakafungua njia kuanzia toleo 27. Kila kisakinishi kingepaswa kufanya hivyo, au angalau kuuliza kwa lugha ya kueleweka siku ya kwanza. Kumwacha mtu na diski inayozorota kimyakimya, hadi anatoa fedha kununua nyingine, si kumlinda.

Dawa ilikuwa fupi. Kwa LUKS2 (toleo jipya la muundo wa LUKS wa kusimba diski) iliyofunguliwa tayari, `cryptsetup --allow-discards --persistent refresh` na jina la kifaa inatosha, maana alama inahifadhiwa kwenye kichwa cha LUKS. Kwa LUKS1 huandikwa neno discard kwenye /etc/crypttab, kisha initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia mashine) ikajengwa upya kama ni patisheni ya mzizi. Wengi hukimbilia kubadilisha issue_discards kwenye lvm.conf, lakini hiyo inahusu wakati LVM yenyewe inapoachia nafasi, kwa mfano ukifuta volyumu nzima, na `fstrim` haiitegemei kabisa. Nilipoendesha `fstrim -av`, mstari ulirudi ukisema gigabaiti 140 hivi zimeripotiwa kwa diski kuwa tupu. Tukaiacha mashine imewashwa usiku kucha bila kazi, ili kontrola ipate muda wa kusafisha.

Walio kwenye FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nao wakague. Kwa mfumo wa faili wa UFS, `tunefs -p` itakuonyesha kama TRIM imewashwa. Kwa ZFS, autotrim (TRIM ya kujiendesha) huwa imezimwa mpaka uiwashe, ingawa unaweza kutuma `zpool trim` kwa mkono, na `zpool status -t` itakuonyesha ilipofikia.

Kuhusu kupima. Tafadhali tuache kuitegemea `dd`, amri ya kunakili data, kama kipimo cha kasi. Ukisoma faili uliyoisoma dakika iliyopita, inatoka kwenye RAM, na utaona gigabaiti kadhaa kwa sekunde kutoka kwa diski ya SATA ambayo kwa maumbile yake haiwezi kuvuka megabaiti 600. Ukiandika bila conv=fdatasync, `dd` inaweza kutangaza ushindi wakati data bado iko kwenye RAM. Na ukichukua data kutoka /dev/zero, chanzo cha sifuri tupu, baadhi ya kontrola hubana data, na sifuri hubanika kuliko kitu chochote duniani, kwa hiyo namba unayopata haina uhusiano na faili zako. Tumia `fio`, programu ya kupima diski, yenye --direct=1, bloku za 4k, mpangilio wa nasibu, kwa angalau dakika moja, kwenye faili ya majaribio na kamwe si kwenye kifaa chenyewe kama unaandika. Kasi ya mfululizo inayochapwa kwenye boksi haisemi chochote kuhusu kukompaili au hifadhidata. Zinazosema ni hizo bloku ndogo.

Kabla hata ya TRIM, kuna jambo la sekunde kumi. Andika `dmesg | grep -i "sata link"`. Ukiona 1.5 Gbps badala ya 6.0, kerneli huenda imepunguza kasi yenyewe baada ya makosa ya mawasiliano. Tazama sifa namba 199 kwenye `smartctl`. Ikiwa hesabu ya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) inapanda, badilisha kebo kwanza. Kwa NVMe, SSD zinazounganishwa kwa PCIe badala ya SATA, soma LnkSta (hali ya muunganisho) ndani ya `lspci -vv`, maana diski ya njia nne iliyochomekwa kwenye tundu la njia mbili itakupa nusu bila kulalamika. Joto pia: NVMe ikipata moto hujipunguza kasi.

Kuna hali moja ambapo diski kweli ndiyo chanzo, nayo ni muundo wake. Diski za TLC na QLC (biti tatu na nne kwa seli) hupokea data kwanza kwenye sehemu inayoandikwa kama SLC, biti moja kwa seli. Sehemu hiyo ikijaa katikati ya kunakili faili kubwa, kasi huporomoka, na kwa QLC za bei nafuu inaweza kushuka chini ya diski ya sumaku. Hakuna mpangilio wa kerneli utakaoliondoa hilo. Unaiacha ipumzike, au unachagua diski nyingine kwa kazi hiyo.

Ushauri wa noatime (kuacha kuandika muda faili iliposomwa) na wa kubadilisha kipanga-foleni cha I/O mimi naupita. Relatime, ambayo tayari hupunguza uandishi huo, imekuwa chaguo-msingi tangu 2009, na faida ya ziada ni ndogo.

Rafiki yangu alipoona dakika zake nne zimerudi, alinyamaza, kisha akafungua droo akatoa ile SSD ya kwanza. Tuliichomeka, tukahakikisha mara mbili kwamba haina kitu anachokihitaji, tukaipiga `blkdiscard`, ambayo hufuta kila kitu, na tukairudia `fio`. Iliandika bila kusita hata kidogo. Sasa inafanya kazi ndani ya seva yake ndogo ya majaribio, na fstrim.timer imewashwa.