Nani Kasema Oposamu Huzaliwa Nusu?

Wiki iliyopita, katika kituo kimoja cha mazingira hapa Ohio, Marekani, nilimsikia mwelekezaji akiwaambia watoto kwamba chikadii, yule ndege mdogo mwenye utosi mweusi, ni mama wa kupigiwa mfano, ilhali oposamu, mnyama wa Amerika anayelea watoto katika mfuko wa tumboni, ni wa kale aliyesahauliwa njiani, eti kwa sababu huzaa watoto ambao hawajakamilika. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana hata mtu aliyekabidhiwa kipaza sauti na fulana yenye nembo anapaswa kuhesabu siku kabla ya kutoa hukumu.

Tuzihesabu basi. Chikadii jike huatamia mayai yake, kwa kawaida 6 hadi 8, kwa siku 12 au 13. Oposamu wa Virginia, ndiye huyu wa kwetu, hubeba mimba kwa siku 12 au 13. Kinda wa chikadii huanguliwa akiwa uchi, macho yamefumba, hawezi kujipasha joto, na sijasikia mtu akimwita njiti. Mtoto wa oposamu ni mchanga zaidi, nakubali, kwani hafikishi hata robo gramu na miguu yake ya nyuma bado haijaumbika vizuri. Lakini yeye hana anasa ya kulala akiachama kinywa na kungoja kiwavi. Hutambaa mwenyewe kwa mikono yenye kucha, akipenya manyoya ya mama mpaka aufikie mfuko na kuishika chuchu, ambayo huvimba kinywani mwake asibanduke. Sasa, nani kati yao ni mzembe?

Mfuko ule ni kiota. Kinda huondoka kiotani akiwa na siku 16 hivi, na kabla ya hapo nyoka akiligundua tundu la mti, mama hana la kufanya ila kupiga kelele. Mtoto wa oposamu hukaa mfukoni miezi miwili na zaidi, kisha hupanda mgongoni, na hatari ikija mama huondoka na kiota chake. Ndege tunamwelewa upesi: yai la gramu moja hivi ni mzigo mzito kwa mama wa gramu 11, hivyo ni busara alitage na kulilea nje ya mwili. Mbona busara hiyo hiyo, ikihamia kwa mwenye mfuko, inageuka kuwa ushamba?

Yapo yasiyopambika. Oposamu ana chuchu 13 na anaweza kuzaa zaidi ya watoto 20, na wanaochelewa hufa. Kwa baridi pia chikadii anamshinda, kwa kuwa hushusha joto la mwili wake usiku ili kuokoa nguvu, huku oposamu akiunguzwa na barafu masikioni na mkiani. Wala siwaungi mkono wanaomtetea oposamu kwa hadithi kwamba hutusaidia kwa kula kupe wengi: watafiti walipochunguza matumbo ya oposamu 32 wa Illinois, hawakukuta kupe hata mmoja.

Ila huyo "aliyesahauliwa" ametoka kusini akafika Ontario, Kanada, kwa miguu yake, akilea safarini. Mwelekezaji angewaambia watoto jambo moja tu la manufaa: oposamu jike aliyegongwa barabarani akafa huenda ana watoto hai mfukoni, wangali wamezishika chuchu, na inafaa waokoaji wa wanyamapori wapigiwe simu upesi, badala ya mtu kumsukuma mtaroni na kwenda zake.