Namba tasa hazina habari na Benford

Nimetumiwa tena ile video. Jamaa mwenye sauti nzito anatangaza kuwa namba zote duniani, namba tasa zikiwemo, zinatii kanuni ya Benford: asilimia 30 huanza na 1, na zinazoanza na 9 hazifiki hata asilimia 5. Kisha anarukia kura zilizoibwa: eti matokeo yasiyotii kanuni hiyo ni ya wizi. Mgombea akipata kati ya kura 400 na 599 kila kituo, tarakimu za mbele zitakuwa 4 na 5 tu, hata kama msimamizi ni malaika. Hilo tuliache.

Kinachonikera ni namba tasa. Shika kalamu. Chini ya 1,000 zipo 168. Zinazoanza na 1 ni 25, zinazoanza na 9 ni 15. Kwa Benford, za 1 zingekuwa kama 51. Hizo nyingine nazo zimeibwa? Panda hadi milioni moja: jumla 78,498, za 1 ni 9,585, za 9 ni 8,230. Asilimia 12 kwa 10 na ushee! Namba tasa huadimika kadiri unavyopanda, ila taratibu mno, ndiyo maana 1 inaongoza kidogo tu.

Sasa komea 199 badala ya 999. Namba tasa ni 46, na zinazoanza na 1 ni zile zile 25: zaidi ya nusu. Endelea hadi 999 zinashuka hadi asilimia 15, vuka 1,000 zinaanza kupanda tena, na mchezo huo hauishi. Kutaja asilimia bila kusema umekomea wapi ni kama kuuliza daladala ina abiria wangapi bila kusema imefika kituo gani.

(Kanuni yenyewe aliiona mwanaastronomia Simon Newcomb mwaka 1881, kwa kurasa za mbele za vitabu vya logarithimu, zenye namba zinazoanza na 1, kuchakaa kuliko za nyuma. Mwanafizikia Frank Benford akaja 1938 akaondoka na jina. Ndiyo dunia.)

Haya, kwa shingo upande: mwaka 1972 mwanahisabati Whitney alionyesha kuwa ukiipa kila namba tasa uzito wa moja gawanya kwa namba hiyo, ile asilimia 30.1 ya Benford inajitokeza. Lakini huo ni upimaji mwingine kabisa, na bwana wa video hakupima chochote.

Kilichonigusa kweli ni kazi ya watafiti Luque na Lacasa ya mwaka 2009. Ukikomea kila mara kwenye 1,000, 10,000, 100,000 na kuendelea hivyo, namba tasa husogea kuelekea usawa, kila tarakimu na moja ya tisa yake, na hata huko kusogea kunafuata mpangilio: kanuni ya Benford iliyolegezwa, ambamo ukubwa wa orodha ni sehemu ya kanuni yenyewe.