Kabla ya Kukanda Mgongo, Sikiliza Pumzi

Julai hapa Uyole, Mbeya, wote tunatembea mabega yakigusa masikio. Baridi inatukunja ndani ya makoti, na pumzi inaishia juu ya kifua. Nimeishi hivyo miaka mingi, huku nikiinama kutwa nzima kuchambua viazi, hadi shingo na mgongo vikawa vinaniuma kila siku. Nilikandwa kwa mafuta ya moto. Nafuu siku mbili, kisha maumivu yaleyale.

Baadaye nilimwona mtaalamu wa osteopathia, tiba ya mikono iliyoasisiwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874. Hakugusa shingo kwanza. Aliweka viganja kwenye mbavu zangu za chini, akasema, "Mama, pumua kama kawaida yako." Mbavu zilitulia tuli. Mabega ndiyo yaliyopanda.

Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimeshikamana na mbavu za chini na pingili za kiunoni. Kikishuka sawasawa, mbavu hutanuka na tumbo huinuka. Kisiposhuka vya kutosha, misuli ya shingo, ambayo katika kupumua kazi yake kubwa ni kusaidia tunapopanda mlima tukihema, hubebeshwa mzigo kutwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hata kwa 12 tu, siku moja ni zaidi ya mara 17,000. Shingo gani isichoke?

Maumivu nayo hutufanya tubane pumzi, na mwili uliobana pumzi hukaza. Ndiyo maana inaniudhi mkandaji anapomwambia mgonjwa "vumilia". Anayevumilia anauma meno na kukaza hata pale palipokuwa laini. Mwambie ashushe pumzi, kama mkunga anavyomwambia mzazi, halafu ndipo ukande.

Mwenye maumivu ya kifua, ganzi miguuni au homa aende hospitali kwanza. Na kijana anayepakia lumbesa za viazi kwenye malori, siwezi kumwambia shida yake ni pumzi. Shida yake ni lile gunia.

Mimi jioni nalala chali mkekani, magoti nimeyakunja, kiganja tumboni, natoa pumzi taratibu kuliko nilivyoivuta. Dakika tano hivi. Baridi ikizidi shingo bado huuma, ila siku hizi hainiamshi usiku.