Nyumba Huu Hautatoka Wakati wa Mbalamwezi

Kwa kuwa rafiki yangu mwenye mtumbwi pale Kibirizi, hapa Kigoma, ameshausambaza mkasa huu apendavyo yeye, akidai kwamba nimeipangisha nyumba yangu ya Gungu ikavue dagaa, naona heri niusimulie mwenyewe kabla haujafika Kasulu.

Ni kweli mkataba niliuazima kwake. Alikuwa nao wa kukodisha mtumbwi wa dagaa, ambao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, umepangwa vifungu vizuri, nami sikuona sababu ya kumlipa mtu aniandikie mwingine. Nikaupeleka kwa kijana wa steshenari mtaani Mwanga, nikamwagiza kwamba kila penye “mtumbwi” aweke “nyumba”, na kila penye “mvuvi” aweke “mpangaji”. Aliniuliza kama ningependa kuupitia kabla hajachapa. Nilimjibu kwamba nilianza kusahihisha maandishi ya watu kabla hajazaliwa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambayo kwa nyumba ya shilingi 150,000 kwa mwezi ni shilingi 18,000. Hesabu hiyo niliirudia mara tatu. Kisha nikatia saini nakala zote mbili.

Mpangaji, muuguzi kijana aliyeajiriwa karibuni, alikuja na mama yake mzazi katika ofisi ya serikali ya mtaa, ili mwenyekiti ashuhudie na kugonga muhuri. Mwenyekiti huyo, ambaye siku nyingine hugonga muhuri huku akizungumza na simu, siku hiyo aliamua kusoma kwa sauti. Benchi la wanaosubiri lilikuwa limejaa.

Majina, namba za vitambulisho na kiasi cha kodi vilipita salama. Kikaja kifungu cha nne: “Mpangaji atautumia nyumba huu usiku tu.” Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nilichoshtukia hapo ni “nyumba huu” peke yake, nikainua kidole ili nisahihishe ngeli. Mwenyekiti alinionyesha kiganja, akaendelea polepole kama anayesoma hukumu: “Wakati wa mbalamwezi nyumba hautatoka.” Mtu akakohoa kwenye benchi. “Ukitoboka katikati ya ziwa, mpangaji atauvuta hadi ufukweni kwa gharama zake.” Muuguzi akasema kwa adabu zote, “Samahani mwalimu, mimi sijui kuogelea.” Ndipo kikaja kifungu cha sita, ambacho hata sasa nikikikumbuka masikio yananiwaka: “Mapato ya kila usiku yatagawanywa nusu kwa nusu baina ya mpangaji na mwenye nyumba.”

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akakisoma tena kimya. Mama mtu alijifunga khanga upya, akanitazama kuanzia viatu hadi mvi.

“Baba, mapato gani hayo ya usiku?”

“Ya dagaa, mama.”

Ninyi mnaocheka, mngejibu nini?

Mkataba mpya ulichapwa siku ileile, ukasainiwa, na kodi ya miezi sita ikalipwa. Ila mama alikataa kuondoka mpaka kiongezwe kifungu kimoja, ambacho alikitamka yeye nami nikakiandika kwa mkono wangu, ngeli zote zikiwa mahali pake: mwenye nyumba hataikaribia nyumba hiyo baada ya saa 12 jioni, kuwe na mbalamwezi au kuwe na giza.